TEZI YA SHINGO: MOTO WA KADIRI MWILINI

Somo la redio kwa vikundi vya kisomo cha watu wazima

Haya ni maneno ya somo kama yalivyosomwa redioni. Darasani, mtu mmoja asome maneno ya Mwalimu, mwingine ya Mama, na mwingine ya Mzee. Kabla ya kuanza, someni kwa sauti maneno mapya yafuatayo.

MANENO MAPYA

Tezi: kiungo cha mwili kinachotengeneza na kutoa maji yenye kazi maalumu. Mate, machozi na jasho hutoka katika tezi.

Homoni: kitu kinachotengenezwa na tezi na kutiwa katika damu, kipeleke amri kwa viungo vingine.

Madini joto: madini ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo sana. Wataalamu huyaita ayodini.

Rovu: uvimbe wa tezi ya shingo.

Kadiri: kiasi kinachotosha, si kidogo mno, wala si kingi mno.

SOMO

MWALIMU: Wasikilizaji wetu, hamjambo? Karibuni tena katika somo letu la afya. Sogeeni karibu na redio, na mwenye penseli aishike mkononi. Leo tunao wanafunzi wawili hapa pamoja nasi: Mama mmoja anayetoka nchi ya milima, na Mzee mmoja aliyezaliwa Pwani. Shikamoo, Mzee.

MZEE: Marahaba, Mwalimu. Hujambo?

MWALIMU: Sijambo. Na wewe, Mama, habari za nyumbani?

MAMA: Nzuri, Mwalimu, ila nimekuja na jambo moja linalonisumbua. Nina mdogo wangu. Ana uvimbe hapa mbele ya shingo. Zamani ulikuwa mdogo kama tunda la mpera, sasa umekua. Hujifunga kanga shingoni hata jua likiwa kali. Wakwe zake wanasema amerogwa. Wengine wanasema ni laana ya ukoo wetu. Naye sasa ana mimba ya miezi miwili. Usiku halali kwa mawazo, anaogopa mtoto naye atazaliwa na laana hiyo.

MWALIMU: Ahsante, Mama, kwa kulisema wazi. Uvimbe huo jina lake ni rovu. Si uchawi, wala si laana. Una sababu inayojulikana, na una njia ya kuuzuia. Lakini ili tuifahamu sababu, yatupasa kwanza kuifahamu tezi yenyewe inapokuwa nzima. Huwezi kujua kama saa imeharibika ikiwa hujui saa nzima inavyokwenda.

MZEE: Hapo umesema kweli.

MWALIMU: Basi wekeni vidole viwili mbele ya shingo, juu ya kongomeo. Sasa viteremsheni kidogo, chini ya kongomeo. Mezeni mate. Mnaona jinsi mahali pale panavyopanda na kushuka? Hapo ndipo ilipo tezi ya shingo. Umbo lake ni kama kipepeo aliyekunjua mbawa zake mbili, moja kulia na moja kushoto ya koromeo. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama gramu 20, yaani kama vijiko vinne au vitano vya chai vya sukari. Ikiwa nzima, huwezi kuiona kwa macho. Wataalamu huiita tezi ya thairoidi. Msiichanganye na zile tezi za ndani ya koo zinazovimba mtoto akipata findofindo. Hizo ni nyingine.

MAMA: Kitu kidogo namna hiyo kina kazi gani?

MWALIMU: Kazi yake ni kuangalia moto wa mwili. Chakula tunachokula ni kuni za mwili. Kila kiungo huchoma kuni hizo ili kipate nguvu na joto. Moyo hupiga, ubongo hufikiri, tumbo husaga chakula, mtoto hukua. Lakini ni nani anayesema moto uwe mkali kiasi gani? Ni tezi ya shingo. Hutengeneza homoni na kuitia katika damu. Homoni hiyo ni kama tarishi. Hupita nyumba kwa nyumba, akipeleka amri ile ile: "Chomeni kwa kadiri hii." Karibu kila kiungo cha mwili huipokea amri hiyo.

MZEE: Je, mwili una homoni hiyo moja tu?

MWALIMU: La, Mzee, zipo nyingi. Kongosho hutoa insulini, ambayo huongoza sukari katika damu. Tezi nyingine huongoza hedhi na uzazi, nyingine kimo, nyingine chumvi na maji mwilini. Kila moja ina kazi yake, na zote hufuata sheria moja: kadiri. Leo tutaifuata hii ya shingo peke yake.

MSIMAMIZI ALIYE CHINI YA UBONGO

MWALIMU: Mama, nikuulize. Unapopika maharage juu ya mafiga, unajuaje kama moto unatosha?

MAMA: Naangalia chungu. Maharage yakiacha kuchemka, nasukuma ukuni ndani. Chungu kikianza kufurika, nauvuta ukuni nje.

MWALIMU: Vema kabisa. Mwili nao hufanya hivyo hivyo. Chini ya ubongo ipo tezi nyingine ndogo, ukubwa wake kama punje ya mbaazi. Wataalamu huiita pituitari. Hiyo ndiyo msimamizi. Inapima homoni ya shingo iliyomo katika damu, mchana na usiku. Ikiona imepungua, hutuma amri yake kwa tezi ya shingo: "Ongeza kazi!" Ikiona imezidi, hunyamaza, na tezi ya shingo hupunguza kazi. Hivyo homoni haipungui mno wala haizidi mno. Mtu mwenye afya hana habari ya mambo haya. Analala, anaamka, anakwenda shambani, na msimamizi yuko kazini.

MZEE: Na hiyo homoni hutengenezwa kwa kitu gani?

MWALIMU: Hapo ndipo penye kiini cha somo letu. Seremala hawezi kutengeneza meza bila ubao. Tezi ya shingo haiwezi kutengeneza homoni bila madini joto. Homoni yake kubwa huitwa thairoksini. Kila chembe moja ya thairoksini ina ndani yake chembe nne za madini joto. Ipo na homoni ya pili yenye chembe tatu, nayo ndiyo yenye nguvu zaidi viungoni. Mwili huweza kuondoa chembe moja katika ile ya nne, ukapata ile ya tatu. Lakini mwili hauwezi kuyatengeneza madini joto yenyewe. Lazima yaingie kwa kinywa, katika chakula na kinywaji.

MAMA: Kiasi gani, Mwalimu?

MWALIMU: Kidogo hata utashangaa. Shikeni penseli, tufanye hesabu. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 kwa siku. Mikrogramu milioni moja ni gramu moja tu. Sasa zidisheni 150 kwa siku 365 za mwaka. Jibu ni 54,750. Zidisheni tena kwa miaka 70. Jibu ni 3,832,500. Hizo ni karibu gramu nne. Basi madini joto ya kumtosha mtu miaka 70 hayajai hata kijiko kimoja cha chai!

MZEE: Kumbe! Basi si mtu angekimeza kijiko hicho mara moja, akamaliza kazi?

MWALIMU: Hapana, Mzee, hiyo ingekuwa hatari. Mwili haujui kuweka akiba ya miaka 70. Madini yanayozidi hutoka katika mkojo. Tezi ina ghala ndogo, homoni iliyomo hutosha miezi miwili au mitatu hivi, kisha lazima ijazwe tena. Tena madini joto yakizidi sana, nayo huivuruga tezi. Ndiyo maana tunasema kadiri. Kidogo kidogo, kila siku, maisha yote.

ROVU HUTOKA WAPI?

MAMA: Sasa nieleze habari ya mdogo wangu.

MWALIMU: Fikiri habari ya mfyatua matofali ambaye udongo umemwishia. Msimamizi anakuja anasema, "Matofali hayatoshi, ongeza kazi!" Yule mtu anaongeza vibarua, anapanua kiwanja, anakwangua kila mahali apate udongo kidogo. Kiwanja kinazidi kuwa kikubwa, lakini udongo haupo. Ndivyo ilivyo tezi isiyopata madini joto. Homoni inapungua, msimamizi wa chini ya ubongo anatuma amri juu ya amri, na tezi inakua na kukua ili ikamate kila chembe ya madini joto inayopita katika damu. Huo ndio uvimbe unaouona. Rovu la namna hii ni alama ya tezi inayojitahidi kufanya kazi bila vifaa. Hakuna aibu hapo.

MAMA: Natamani wakwe zake wangekuwa hapa wakasikia.

MZEE: Lakini Mwalimu, mbona kwetu Kilwa sikuona marovu kama niliyoyaona nilipohamia huku milimani?

MWALIMU: Swali zuri. Kwa muda wa maelfu ya miaka, mvua imeosha madini joto katika udongo wa milima. Maji ya mito yameyachukua mpaka baharini. Basi mahindi, viazi na mboga za nchi kama hizo huwa na madini joto haba, na ng'ombe anayekula majani yake hali kadhalika. Samaki wa baharini hula na kukua katika maji yenye madini hayo. Nyinyi wa Pwani mliyapata katika kitoweo bila kujua.

Na si milima yetu peke yake. Rovu lilikuwa jambo la kawaida katika milima ya Uswisi huko Ulaya. Hapa Tanzania lilienea sana Nyanda za Juu Kusini na sehemu nyingine za bara. Huko Kongo, katika Ziwa Kivu, kipo kisiwa kiitwacho Idjwi. Wachunguzi walifanya kazi huko kuanzia miaka ya 1960, wakaona jambo la ajabu. Madini joto yalikuwa haba kisiwa kizima, lakini marovu yalikuwa mengi zaidi upande wa kaskazini kuliko kusini-magharibi. Wakatafuta sababu, wakaikuta katika muhogo. Watu wa kaskazini walikula muhogo zaidi.

MAMA: Muhogo! Basi tuache kula muhogo?

MWALIMU: La, msiuache. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu. Sumu hiyo ikiingia mwilini hugeuzwa kuwa kitu kinachozuia madini joto yasiingie katika tezi. Anayepata madini joto ya kutosha hapati dhara hilo kwa urahisi. Lakini yule ambaye madini yake ni haba, huzuiwa hata hicho kidogo. Dawa yake wazee wetu waliijua: kumenya muhogo, kuuloweka majini siku kadhaa, kuuanika mpaka ukauke vizuri, ndipo kuusaga na kuupika. Asiyefupisha kazi hiyo hutoa sehemu kubwa ya sumu.

MOTO UKIPUNGUA, MOTO UKIZIDI

MZEE: Je, kila mwenye rovu ni mgonjwa mwili mzima?

MWALIMU: Si lazima. Wengine tezi imevimba lakini imefaulu kutoa homoni ya kutosha. Wengine homoni imepungua, na wengine imezidi. Tena yupo mtu ambaye shingo yake ni nyembamba kama ya twiga, na bado tezi yake ina kasoro. Kwa hiyo tusihukumu kwa macho. Kipimo cha damu hospitalini ndicho kinachosema kweli. Lakini zipo dalili.

Homoni ikipungua, moto wa mwili umekuwa hafifu. Mtu huchoka bila kazi kubwa. Husikia baridi wakati wenzake wameona joto. Hupata choo kwa shida. Ngozi hukauka, nywele hupunguka, uso huvimba, sauti huwa nzito. Huongezeka uzito ingawa hali sana. Husahau, na moyo wake hupiga polepole. Mwanamke huweza kutokwa na damu nyingi ya hedhi, au kukawia kushika mimba, au mimba kuharibika. Majirani husema, "Amekuwa mvivu." Kumbe si uvivu.

Homoni ikizidi, mambo hugeuka. Mtu anakula sana na bado anakonda. Moyo hupiga mbio hata akiwa amekaa. Mikono inatetemeka, jasho linatoka, usingizi hauji. Anakasirika kwa jambo dogo. Huenda chooni mara nyingi. Wengine macho hutokeza nje. Majirani husema, "Ana wasiwasi," au "Ana mashetani." Kumbe ni moto uliozidi chini ya chungu.

MAMA: Na ugonjwa huu hutoka kwa madini joto tu?

MWALIMU: Hapana. Mara nyingine kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hukosea ikaishambulia tezi. Wengine ikaiua polepole, wengine ikaichochea ifanye kazi kupita kiasi. Mambo haya huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, hata wale wanaokula chumvi nzuri. Kwa hiyo mwenye dalili nilizozitaja asitosheke na chumvi tu. Aende akapimwe.

WALIOTANGULIA KUTAFUTA

MZEE: Haya yote yalijulikanaje, Mwalimu?

MWALIMU: Kwa taabu na kwa makosa. Huko Uswisi, katika mji wa Bern, alikuwako daktari wa upasuaji jina lake Theodor Kocher. Aliwakata watu wengi marovu, na mkono wake ulikuwa hodari. Hapo kwanza aliwaondolea wengine tezi yote. Kisha akawaita tena awaangalie. Akaona jambo la kuhuzunisha: wengi walikuwa wazito, polepole, nyuso zimevimba, akili zimefifia. Mwaka 1883 aliwatangazia madaktari wenzake kosa hilo waziwazi, akaacha kuondoa tezi yote katika kutibu rovu. Mwaka 1909 alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya tezi hii.

Mwaka 1891, huko Newcastle nchini Uingereza, daktari George Murray alichukua tezi za shingo za kondoo, akakamua dawa, akamdunga mwanamke ambaye tezi yake ilikuwa imekufa. Mama yule alipata nafuu, akaishi miaka 28 zaidi. Leo hatuhitaji kondoo. Thairoksini hutengenezwa viwandani, hutolewa kama kidonge kidogo.

Na juu ya madini joto, nisikilizeni vizuri. Kuanzia mwaka 1917, katika mji wa Akron nchini Marekani, wachunguzi wawili, Marine na Kimball, waliwapa wasichana wa shule madini joto. Wasichana kama 2,200 waliyapokea. Waliopata uvimbe ni watano tu. Wengine kama 2,300 hawakuyapokea. Waliopata uvimbe ni karibu 500. Baada ya hapo Uswisi ilianza kutia madini joto katika chumvi mwaka 1922, na jimbo la Michigan la Marekani mwaka 1924.

MAMA: Kwa nini walichagua chumvi? Kwa nini si sukari au unga?

MWALIMU: Kwa sababu tajiri na maskini wote hula chumvi, kila siku, na kwa kiasi kinachokaribiana. Kenya iliweka sheria ya chumvi yenye madini joto mwaka 1978. Hapa Tanzania, katika miaka ya 1980 na 1990, watu wa wilaya zilizoathirika waligawiwa kapsuli za mafuta yenye madini joto, na katika miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi ya kula itiwe madini hayo.

MTOTO ALIYE TUMBONI

MWALIMU: Sasa, Mama, turudi kwa mdogo wako. Ulisema mimba ni ya miezi miwili. Mtoto wa miezi miwili tumboni hana tezi inayofanya kazi. Huanza kufanya kazi kidogo kidogo mimba ikifika miezi mitatu hivi. Mpaka wakati huo, homoni yote aitumiayo ni ya mama yake. Na ni wakati huo huo ubongo wake unapoanza kujengwa.

MAMA: Na ikiwa mama hana ya kutosha?

MWALIMU: Ubongo hujengwa kwa upungufu. Upungufu ukiwa mkubwa sana, mimba huweza kuharibika, au mtoto akazaliwa kiziwi, hawezi kusema, hakui kimo chake, na akili imedumaa. Upungufu ukiwa wa kadiri, mtoto huonekana mzima, lakini darasani husoma kwa shida kuliko alivyopaswa. Hili ndilo dhara kubwa kuliko rovu. Rovu huonekana na kila mtu. Akili iliyopotea haionekani, wala haiwezi kurudishwa baadaye.

MAMA: Mungu wangu. Na sisi tulikuwa tunaangalia shingo tu.

MWALIMU: Usikate tamaa. Miezi miwili ni mapema. Mpeleke kliniki ya waja wazito wiki hii, usingoje tumbo likue. Mwambie mganga habari ya uvimbe ule wazi, na aifungue kanga auonyeshe. Aombe apimwe damu. Mja mzito na mama anayenyonyesha huhitaji madini joto zaidi, mikrogramu 250 kwa siku. Ikionekana homoni imepungua, atapewa vidonge vya thairoksini. Vidonge hivyo havimdhuru mtoto, vinamsaidia. Humezwa asubuhi kwa maji, tumbo likiwa tupu, nusu saa au zaidi kabla ya kula. Asiviache kwa sababu amejisikia nafuu, wala asimgawie jirani. Ikionekana homoni imezidi, ipo dawa nyingine, na mganga ndiye atakayechagua.

MAMA: Na mtoto akizaliwa?

MWALIMU: Mwangalieni. Mtoto mchanga anayelala mno, asiyenyonya vizuri, mwenye macho ya manjano kwa muda mrefu, anayepata choo kwa shida, au mwenye sauti ya kukwaruza anapolia, apelekwe hospitali upesi. Baadhi ya watoto huzaliwa na tezi isiyofanya kazi hata kama mama alikula vizuri. Wakipata thairoksini katika majuma mawili ya kwanza, wengi wao hukua na akili zao timamu. Wakichelewa, hasara haifidiki.

MZEE: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

MWALIMU: Na huu, Mzee, ni ukuta usiojengeka tena.

CHUMVI YA NYUMBANI

MZEE: Mwalimu, nami nina langu. Mimi hununua sokoni chumvi ya mabonge, isiyo na pakiti. Ni rahisi, tena ni chumvi ya kwetu Pwani, ya bahari. Si umesema bahari ina madini joto?

MWALIMU: Wengi hudhani hivyo, Mzee. Samaki wa bahari anayo, lakini maji yanapokaushwa juani, chumvi inayobaki ina madini joto kidogo sana, hayatoshi. Lazima yatiwe kiwandani au hapo hapo panapotengenezwa chumvi. Chumvi isiyotiwa na chumvi iliyotiwa hufanana kwa rangi na kwa ladha. Ulimi hauwezi kuzitofautisha.

MZEE: Basi nitazijuaje?

MWALIMU: Kwa kusoma! Tafuta pakiti iliyoandikwa kwamba chumvi hiyo ina madini joto. Miezi michache iliyopita maandishi hayo yalikuwa alama tu machoni pako. Leo unaweza kuyasoma mwenyewe dukani, wala huhitaji kumwuliza mtu.

MZEE: Hakika nitayasoma, tena kwa sauti.

MWALIMU: Ukifika nayo nyumbani, itunze. Iweke katika chombo chenye kifuniko, mahali pakavu, mbali na jua na moshi wa jikoni. Usiioshe. Itie katika chakula kinapokaribia kuiva, kwa maana joto jingi na mvuke huyapunguza madini hayo.

MAMA: Basi tukitia chumvi nyingi zaidi, si ndiyo faida?

MWALIMU: Hapana, Mama. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilicho sawasawa, kwa vyakula vyote pamoja. Kula chumvi kidogo, lakini iwe ile yenye madini joto. Wala mtu asinywe ile dawa ya ayodini ya kupaka vidonda. Hiyo si ya kunywa. Na mwenye rovu la siku nyingi asijitibu mwenyewe. Rovu la zamani huenda lisiishe kwa chumvi, lakini chumvi huwazuia watoto wasipate jingine. Na rovu likikua upesi, au likiwa gumu, au likizuia pumzi, kumeza au sauti, mtu aende hospitali bila kungoja.

MAMA: Nimeelewa. Kesho alfajiri nakwenda kwa mdogo wangu. Nitachukua pakiti ya chumvi, na nitakwenda naye kliniki mimi mwenyewe. Na hao wakwe zake nitawasomea karatasi ya somo hili.

MWALIMU: Nenda salama, Mama, na umsalimie. Wasikilizaji wetu, wakati wetu umekwisha. Kwaherini mpaka somo lijalo.

TUKUMBUKE

1. Tezi ya shingo huongoza moto wa mwili kwa homoni yake.
2. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huisimamia, ili homoni isipungue wala isizidi.
3. Homoni ya shingo haiwezi kutengenezwa bila madini joto.
4. Rovu si uchawi wala laana.
5. Upungufu wa madini joto wakati wa mimba huharibu ubongo wa mtoto.
6. Chumvi yenye madini joto, kwa kiasi kidogo kila siku, huzuia madhara hayo.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini Mwalimu alimfananisha msimamizi wa chini ya ubongo na mpishi wa maharage?
2. Kwa nini marovu yalikuwa mengi zaidi kaskazini mwa Idjwi?
3. Mzee alikosea wapi juu ya chumvi ya bahari?
4. Katika kijiji chenu, watu husema nini juu ya mwenye rovu? Baada ya somo hili, mtamjibu nini anayesema hivyo?
5. Mja mzito mwenye rovu afanye nini, na lini?

KAZI YA NYUMBANI

Kila mwanafunzi alete darasani pakiti tupu ya chumvi anayotumia nyumbani. Asiye na pakiti aeleze chumvi yake aliinunua wapi. Someni maandishi ya pakiti zote kwa sauti. Kisha andikeni ubaoni: ni nyumba ngapi zina chumvi yenye madini joto, na ni ngapi hazina. Wale ambao hawana, semezaneni jinsi watakavyoipata kabla ya somo lijalo.